Rubani wa Mwezi wa Chumvi

Matanga ya mama yalipokwisha, kazi ya kufungua sanduku lake iliniangukia mimi. Dada zangu walisema wamechoka, kana kwamba mimi nilikuwa nimekaa. Nilikuwa nimetoka zamu ya wodini asubuhi ile aliyofariki, nikaingia moja kwa moja kwenye wiki nzima ya kupika, kusalimia wageni na kusikiliza hotuba, na siku hiyo miguu yangu ilikuwa imevimba hata viatu havikuingia. Nikaketi sakafuni chumbani mwake, nyumbani kwetu Birongo, nikainua kifuniko cha bati.

Juu kulikuwa na leso, chini ya leso nguo zake za Sabato, chini ya nguo kitabu cha nyimbo kilichokatika mgongo. Chini kabisa kulikuwa na kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha kichwa. Kabla sijakifungua nilijua ni nini. Kilinuka moshi wa kuni na ile harufu ya karatasi duni inapozeeka, tamu kidogo, kama ndizi iliyosahauliwa kwenye kapu. Sikuwa nimekiona tangu nilipokuwa na miaka tisa. Miaka yote hii niliamini mama alikichoma.

Ni kitabu cha Kiingereza, chembamba, bila jalada wala kurasa za mwanzo. Hatukuwahi kujua jina lake wala nani alikiandika. Kinasimulia uasi wa watu wa angani, waliokuwa wakichimbishwa chumvi kwenye mwezi mmoja wa mbali. Wenzangu wa rika langu huenda mkacheka, maana siku hizi watoto wetu wanatazama vita vya nyota kwenye simu huku wakila. Sisi tulikuwa na kitabu kimoja, na msomaji mmoja, na mimi nilikiamini kitabu kile kuliko nilivyoamini redio.

Msomaji alikuwa mama mdogo Moraa, ndugu yake mama wa tumbo moja. Alifika kwetu msimu wa mvua, mchana, akiwa na mfuko mmoja wa plastiki, na mkono wa kushoto umefungwa kwa kitenge na kuning'inizwa shingoni. Alikuwa ameolewa upande wa Nyamira na mtu aliyeuza dawa za ng'ombe. Mumewe huyo sikumjua kwa sura, kwa maana harusi ilifanyika nikiwa mgongoni. Niliambiwa kwamba mama mdogo amekuja kupumzika, na kwamba mkono ule aliuumiza alipoanguka kwenye ngazi za ghala.

Leo mimi ni muuguzi. Kila wiki napokea mwanamke aliyeanguka kwenye ngazi, na wengi wao wanatoka katika nyumba zisizo na ngazi. Ninaandika alivyosema, kisha namuuliza tena mlango ukiwa umefungwa. Siku ile nilikuwa mtoto, na ngazi niliiona wazi kabisa kichwani, ndefu, yenye vidato vya chuma.

Hakwenda kwao kwa sababu alikwisha kwenda mara moja. Kaka yao alimpa chai, akamsikiliza, akamrudisha kwa mumewe siku hiyo hiyo. Hayo niliyajua baadaye sana. Nilichojua wakati ule ni kwamba mama alimpa nyumba ya marehemu nyanya, kule chini ya migomba karibu na kijito, badala ya kumlaza na sisi. Tena mama alinishika mabega, akaniambia, "Mtu yeyote akiuliza mama mdogo wako, sema amekwenda Kisii mjini. Umesikia? Mtu yeyote." Nikaitikia. Nilijihisi mkubwa.

Kwenye ule mfuko wa plastiki alikuja na magauni mawili, sabuni, na kitabu. Alikinunua zamani, alipokuwa akisoma Nyanchwa, kutoka kwenye fungu la vitabu vya mtumba vilivyomwagwa juu ya turubai sokoni. Kwa kuwa mkono mmoja haukufaa kuchuma chai, kazi yake ikawa kukaa ukingoni mwa shamba, juu ya gunia, na kutusomea huku sisi tukichuma. Alisoma kimyakimya ukurasa mzima, akinyanyua nyusi, kisha akatusimulia kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani. Pale Ekegusii kilipomwishia alichukua neno la Kiswahili: waasi, nahodha, rubani, chombo cha angani.

Maneno hayo yalikuja kwangu kwa njia hiyo tu. Kiswahili changu kilikuwa cha darasani, na kilikuwa kibovu. Nyumbani mama tulimwita baba na baba tulimwita tata, kama Ekegusii kinavyosema, na mwalimu alicheka mpaka akatoa leso siku nilipoandika katika insha kwamba baba yangu anamnyonyesha mdogo wangu. Kwa hiyo neno rubani halikuwa na maana nyingine kwangu ila ile niliyopewa shambani. Rubani alikuwa mtu wa kwenye kitabu.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Watu wa mwezi wa chumvi walichimba tangu wakiwa wadogo, na chumvi yote ilichukuliwa na Enzi, ambayo ngome yake ilikaa juu angani. Mama mdogo alisema, "Kama ule ukingo wa vilima vya Manga, unapotazama juu asubuhi kukiwa na ukungu." Watu wale hawakuwahi kuonja chakula chenye chumvi. Ndipo nahodha mmoja mwanamke, Sorane, aliyekuwa akiendesha vyombo vya kubebea chumvi, akakataa. Alisema tu, "Leo sibebi." Enzi ikamvunja mkono na kumfungia kwenye pango kule nyuma ya mwezi, upande usiofikiwa na jua.

Hadithi ilipofika hapo nilimtazama mama mdogo, na ule mkono kwenye kitenge. Nilikuwa nimeelewa, au nilidhani hivyo. Hakuanguka popote. Yeye ni mmoja wa waasi, na nyumba ya nyanya ni pango lake, na ndiyo maana ninatakiwa kusema yuko Kisii. Sikumwambia mtu. Nilichuma chai siku zile kwa bidii ambayo sijawahi kuwa nayo tena katika kazi yoyote.

Mama alijifanya hasikii. Alichuma akiwa ametupa mgongo, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, vidole vyake vikienda peke yao. Lakini hadithi ikifika mahali pabaya, vidole vilisimama. Siku moja alisema bila kugeuka, "Huyo Sorane hana ndugu?"

"Anaye," mama mdogo akajibu. "Yuko mbali, anachimba."

"Basi si amtafute."

"Akimtafuta, watamfunga yeye pia."

Mama akaendelea kuchuma. Alitupa konzi nzima ya majani nje ya kikapu bila kuona.

Baba yangu ndiye hakupenda. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, aliyerudi nyumbani kila jioni na uchovu wa kusuluhisha ugomvi wa watu wengine. Tukiwa mezani nilisema kwamba waasi wa angani ndio watu wazuri. Akaweka tonge chini.

"Kule juu uasi ulikuwa mmoja tu," alisema. "Na aliyeuanzisha unamjua jina. Umefundishwa."

Nilimjua. Alikuwa malaika mzuri kuliko wote, akaasi, akatupwa chini. Sikuwa nimeliona hilo.

"Shemeji," mama mdogo akasema taratibu, "huyu wa kitabu alikuwa anachimbishwa."

"Uasi ni uasi."

"Yule malaika hakuwa ameguswa na mtu. Hakuna aliyemvunja mkono."

Nilisikia kuni zikipasuka jikoni. Baba alitazama ule mkono uliofungwa kitenge, akautazama muda mrefu, kisha akachukua tonge lake tena. Mama akasema chakula kinapoa. Baba hakukitaja tena kitabu kile, na kesho yake nilimwona akiteremka kwenye migomba na misumari mdomoni, akaenda kutia komeo jipya kwenye mlango wa nyumba ya nyanya. Upande wa ndani.

Wazee kutoka Nyamira walikuja mara mbili. Walikaa sebuleni, wakanywa chai, wakaongea kwa sauti za chini, na mara zote mbili baba aliwaambia kwamba shemeji yake hayuko. Mzee wa kanisa akisema uongo. Nilimwona akisali baadaye peke yake, paji la uso ukutani. Mimi nilifikiri wageni wale ni watu wa Enzi, na kwa hilo sikuwa nimekosea sana. Kosa langu lilikuwa mahali pengine.

Alasiri moja mvua ya mawe ilitukuta shambani, tukakimbilia nyumba ya nyanya, mimi na mama mdogo. Mawe yaligonga bati hata hatukuweza kusikizana. Tulikaa tukitazamana, maji yakitutiririka. Yalipopungua nikamwambia asome. Sorane alikuwa amekaa pangoni siku nyingi, hana maji, mkono umeharibika, na waasi wenzake wote wametawanyika. Mama mdogo alisoma ukurasa, akafunua mwingine.

"Nani atakuja kumchukua?" nikamuuliza.

Alirudi ukurasa wa nyuma, akausoma tena.

"Mama mdogo, nani atakuja?"

Nadhani sauti yangu ilikuwa inakaribia kulia. Alinitazama. Kisha akaanza kusema, na ninakumbuka vizuri kwamba macho yake hayakuwa kwenye kitabu. Niliona ni kwa sababu anakijua kwa moyo. Alisema kuna rubani. Ana kofia ya chuma yenye kioo mbele, kwa hiyo hakuna anayeijua sura yake. Chombo chake kinanguruma kiasi cha kutikisa chumvi kwenye kuta. Anasafiri peke yake, haongei sana. Atatua mbele ya pango na kusema, "Nimekuja kukuchukua. Umeningoja sana."

"Halafu?"

"Halafu watapanda, waende."

"Lini atafika?"

"Karibu," alisema. "Yuko karibu."

Alikifunika kitabu na kutazama nje, mahali mawe ya mvua yalikuwa yanayeyuka juu ya majani ya migomba iliyochanika.

Sabato iliyofuata niliachwa nyumbani kwa sababu ya kikohozi. Wote walikwenda kanisani, na baada ya ibada kulikuwa na mkutano wa alasiri, kwa hiyo boma lilikuwa tupu. Nililala kwenye jamvi barazani. Nikasikia mngurumo ukipanda kutoka barabarani. Zama zile pikipiki hazikujaa kama sasa. Zilikuwa kitu cha padri, au cha afisa wa kilimo, na walioziendesha walivaa kofia za sufu tu kwa ajili ya baridi. Ile ilipita lango letu, ikazunguka, ikarudi, ikaingia. Bakuli lililokuwa juu ya debe lilitetemeka.

Mtu aliyeiendesha alikuwa na kofia ngumu nyeusi, yenye kioo cheusi mbele. Nilijiona mimi mwenyewe ndani ya kile kioo, mdogo, na nyumba yetu nyuma yangu. Alizima mashine. Aliinua kioo kidogo tu, nikaona macho.

"Hujambo, mwanangu."

"Sijambo."

"Mama mdogo wako yuko wapi?"

"Amekwenda Kisii mjini," nikasema, kama nilivyofundishwa.

Akatikisa kichwa. Hakukasirika. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya polepole, nami nimekutana na sauti ya aina hiyo mara nyingi tangu hapo, wakija wodini kuchukua wake zao. "Nimekuja kumchukua," alisema. "Ameningoja sana."

Ninajua sasa kwamba ni maneno ya kawaida, ambayo mume yeyote angeyasema. Lakini mimi niliinuka pale jamvini, nikashuka barazani. Nikamuuliza, "Wewe ndiye rubani?"

Alinitazama kidogo. Nimewaza mara nyingi ni nini kilipita kichwani mwake katika muda ule. Angeweza kuuliza rubani gani. Angeweza kucheka. Alisema, "Eeh. Ndiye mimi."

Nikamshika mkono. Yaani nilimshika mkono mimi mwenyewe, nikamwongoza kupitia migomba, nikimwonyesha mahali pa kukanyaga kwa sababu kulikuwa na utelezi. Njiani nilimwambia kwamba mkono wa Sorane unaendelea vizuri. Akasema hiyo ni habari njema.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa lile komeo la baba. Nikagonga, nikaita, "Mama mdogo, amefika." Nilisikia komeo likivutwa. Ni kwa sababu ya sauti yangu alifungua.

Hakupiga kelele. Alimwona yeye, kisha akaniona mimi, na mkono wangu ndani ya mkono wake. Uso wake ulifanya kitu ambacho wakati ule nilikiita furaha, kwa sababu kulikuwa na machozi, na sikujua machozi mengine katika hadithi ya namna ile. Alichutama, akanirekebisha kola ya gauni.

"Nenda nyumbani, Kerubo," alisema. "Una kikohozi. Asante."

"Mnakwenda wapi?"

"Nenda nyumbani, mwanangu."

Nilipanda mpaka barazani. Baadaye kidogo walikuja, mtu yule nyuma, mama mdogo mbele. Alikuwa na ule mfuko wa plastiki. Alipanda nyuma ya pikipiki akiwa amekaa upande, mkono wake mzima ukishika chuma cha kiti, bila kumshika yule mtu. Nikawapungia mpaka mngurumo ulipoisha. Kisha nikateremka kwenye nyumba ya nyanya, nikakikuta kitabu juu ya kinu, nikakileta nyumbani.

Mama aliporudi nilimkimbilia langoni. Nilimpa habari yote kwa pumzi moja, rubani, kofia, kioo, kwamba amefika kweli. Mama alikuwa amevaa gauni lake jeupe la Sabato. Aliketi chini, pale pale langoni, kwenye matope. Nilimwona baba akinitazama, kisha akimtazama mama, kisha akivua koti lake taratibu na kumwekea mabegani.

"Ni mtoto," alisema.

Hayo ndiyo maneno pekee yaliyowahi kusemwa nyumbani kwetu kuhusu nilichokifanya mimi. Sikupigwa. Ningepigwa, pengine ningejua mapema zaidi nilichofanya, na ningelia, na ingeisha. Kesho yake alfajiri baba alikwenda Nyamira. Alirudi jioni peke yake, viatu mkononi, akamwambia mama jikoni, "Amesema mwenyewe atabaki. Alisema hivyo yule bwana akiwa amesimama nyuma yake." Mama akachukua kitabu kwenye rafu na kutoka nacho. Nilidhani moto ndio umekipata.

Nilielewa kidogo kidogo, kama mtu anayezoea giza la chumba. Nilipofika darasa la saba nilikuwa nimeelewa yote. Mama mdogo alikaa kule miaka minne. Kisha asubuhi moja akaondoka, na safari hiyo hakwenda kwa ndugu yeyote. Alitembea mpaka Masimba, akapanga chumba nyuma ya maduka, akaanza kushona sare za shule. Yupo mpaka leo. Tumeonana kwenye harusi na kwenye matanga miaka yote hii, tumekaa benchi moja, tumegawana soda. Hatukuwahi kuigusa siku ile. Alipokuja kumzika dada yake alinikumbatia kama wengine, akaenda kumenya ndizi na wanawake.

Baada ya kukitoa kitabu sandukuni nilikisoma kwa siku tatu, nikiwa bado nina likizo ya msiba, chini ya ule mti wa parachichi nyuma ya jiko. Ni kitabu cha kawaida. Watu wanapigana sana, na mwandishi anapenda kueleza mashine. Lakini nilikutana na Sorane na ule mkono, na "Leo sibebi", nikayarudia maneno hayo mara tatu kwa sauti, mtu mzima mwenye watoto sekondari. Nilielewa kwa nini mwanamke aliyefungiwa nyumbani na mtu mwenye sauti nzuri angetumia akiba yake yote ya mapenzi kwa kitabu kama hicho. Hakikumwambia kwamba avumilie. Kila kitu kingine alichosikia kilimwambia hivyo.

Nikafika pangoni. Nikasoma polepole, nikimngoja rubani. Kurasa mbili, kurasa tano. Nikarudi nyuma nikidhani nimeruka. Hakuna rubani katika kitabu kile. Sorane anangoja siku nyingi, anaita, hakuna anayekuja. Mwishowe anasukuma mlango kwa bega, anatoka, na anatembea juu ya chumvi mpaka miguu inapasuka, mpaka anawafikia wengine. Ndivyo kilivyoandikwa.

Siku ya nne nilikwenda Masimba.

Chumba chake kina dirisha moja, cherehani chini ya dirisha, na vitambaa vya sare vimepangwa ukutani, kijani, buluu, zambarau. Nywele zake ni nyeupe sasa. Alifurahi kuniona, akanisogezea kiti, akaendelea kushona kwa kuwa shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Nilikaa. Sikuwa na hotuba.

"Nimesoma kile kitabu," nikasema. "Cha mwezi wa chumvi. Mama alikitunza."

Mguu wake ukasimama kwenye kanyagio.

"Alikitunza?"

"Kwenye sanduku. Alikifunga na kitambaa."

Alitazama sindano. "Hata kusoma Kiingereza hakujua," alisema.

"Hakuna rubani ndani yake."

"Hapana. Hakuna."

"Uliniambia yupo."

"Uliniuliza nani atakuja kumchukua. Ulikuwa unataka kulia." Aliutoa uzi kwenye sindano, akaulamba, akautia tena. "Na mimi mwenyewe nilikuwa namngoja mtu, Kerubo. Nilidhani kaka yetu atajuta. Nilidhani atakuja siku moja, asimame mlangoni, aseme twende nyumbani. Nikamweka kwenye kitabu ili nione angefanana vipi."

Nikaona siwezi kungoja zaidi. "Mimi ndiye niliyemleta yule mtu."

"Najua," alisema. "Nilikuwepo."

Kisha akageuka kwenye kiti chake, magoti yake yakagusa yangu.

"Sitakuambia haikuwa kitu. Ilikuwa miaka minne, na huu mkono haukunyooka tena. Na yule bwana alipenda kuitaja siku ile. 'Hata mtoto wenu alinionyesha njia,' alikuwa akisema. Kwa hiyo nilikuwa na muda wa kufikiri. Wewe ulimuuliza mtu mzima swali, na mtu mzima akakudanganya. Nimeitazama kila upande, na mwisho wake ni hapo. Sijawahi kukuwekea lawama hata siku moja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani umesahau. Watoto husahau. Nikasema nikianza mimi, nitamkumbusha bure."

Nje, mtu alipita na mkokoteni wa maji, madumu yakigongana. Nikamuuliza tena swali la siku ya mvua ya mawe, safari hii juu yake mwenyewe: alipotoka kule Nyamira, nani alikuja kumchukua.

"Hakuna aliyekuja."

"Basi ulipata wapi ujasiri?"

"Ujasiri gani," alisema, na karibu acheke. "Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa napepeta wimbi asubuhi, yeye ameketi pale anangoja uji, nikautazama ule ungo nikaona siwezi kuumaliza. Nikauweka chini ukiwa nusu. Nikatoka. Nilifika mtoni ndipo nikagundua ninakwenda. Watu wananiuliza nilifanyaje, kana kwamba niliinua kitu. Mimi niliweka kitu chini tu."

Akageukia cherehani. Alikuwa na sketi nyingi za kumaliza. Nilikuwa nimepanga kuaga na kurudi mjini, maana nilitakiwa zamuni kesho yake, lakini nilipojaribu kuinuka mwili ulikataa. Aliona. Akasukuma marobota ya kitambaa kwa mguu, yakawa kama godoro kwenye kona.

"Lala," alisema. "Una sura ya mtu aliyepigwa na jua."

Nililala na viatu, nikisikia cherehani ikienda na kusimama, ikienda na kusimama. Sijui ni muda gani. Nilipofumbua macho mvua ilikuwa imenyesha ikapita, alikuwa amenifunika kitambaa cha sare cha kijani, na sketi nne zilikuwa zimekunjwa mezani. Hakugeuka.

"Unakoroma kama mama yako," alisema.

Wiki nzima watu walikuwa wamemwita mama marehemu; huyu alimtaja kama mtu aliyelala chumba cha pili. Nikacheka, kisha nikalia, na yeye akaendelea kushona mpaka nilipomaliza.